Godlisten ni jina letu la asili

Jumapili ya ubatizo katika usharika wowote wa mjini, uwe wa Moshi au wa Arusha, inatosha kukuonyesha wazazi wa leo wanaelekea wapi. Wapo wanaobatiza watoto wao wa kiume Jayden, Ethan na Liam, majina yaliyoingia na filamu na simu. Wapo wengine, mara nyingi wasomi wenye kazi nzuri, wanaowaita wanao Meli, Lengai au Ndesanjo na kutangaza kwa fahari kwamba wanarudi kwenye asili. Makundi haya mawili hayapatani kwa mengi, ila kwa jambo moja yamekubaliana bila hata kuitana kikao: hakuna anayemtaka Godlisten. Wa kwanza wanaliona jina la mtu aliyeshuka jana kutoka Machame na mkungu wa ndizi. Wa pili wanaliona kasumba, Kiingereza kilichobandikwa juu ya mtoto wa Kiafrika. Ma-MC wa sendofu nao wamelifanya mtaji. Wakiishiwa maneno wanauliza kina Godlisten wamekaa meza gani, na ukumbi mzima unacheka.

Kundi la kwanza sina ugomvi nalo, mitindo huja na kupita. Hoja yangu ni kwa kundi la pili, maana linasema kwa niaba ya mila na mila yenyewe halijaitazama vizuri. Godlisten ni jina la Kichagga na la Kimeru lililoandikwa kwa maneno mawili ya Kiingereza, Mungu na kusikia. Namna lilivyoundwa, sababu za kulitoa na njia ya kulirithisha vyote ni vya hapahapa. Mzazi anayeliruka ili aweke Meli asiye na undugu naye anadhani anarudi nyumbani, kumbe anapita mlangoni kwa babu yake bila kubisha hodi.

Tuanze na jina lenyewe lilipo. Mtajie Mwingereza jina la Godlisten, atangoja umalizie sentensi. Kwake hilo si jina. Lakini fungua orodha ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano, nenda kwenye shule za Hai, Siha, Moshi Vijijini au Meru, na hutapekua sana kabla hujakutana naye au na ndugu zake: Godbless, Godlove, Praygod, Goodluck. Hatuna orodha ya majina ya watoto inayotolewa kila mwaka kama ile ya ofisi ya takwimu ya Uingereza, au ile ya Marekani ambayo huorodhesha kila jina lililopewa watoto watano na kuendelea. Kipimo chetu ni masikio, na masikio ya mtu wa Moshi yanajua kwamba Godlisten ni jina adimu la aina ya pekee: ukitoka mkoani hulisikii, ukirudi unalisikia kwenye daladala, kwaya na gereji. Ndugu yake Godbless ndiye aliyepata bahati ya kujulikana nchi nzima, kwa sababu Godbless Lema alikuwa mbunge wa Arusha Mjini kuanzia 2010 na jina lake likazoeleka kwenye kila taarifa ya habari. Godlisten amebaki kuwa wa kwetu. Wazee wanamwita Godilisiteni, rafiki zake wanamwita Godi, na kwa ninavyowaona, wengi wao ni wanaume wa kati ya miaka ishirini na mitano na hamsini. Vichanga ni wachache, na wanazidi kupungua.

Sasa turudi nyuma. Kwa Wachagga, jina la mtoto wa kiume halikuwa suala la kuchagua kinachopendeza. Mtoto wa kwanza wa kiume alichukua jina la babu mzaa baba, wa pili akachukua la babu mzaa mama, na mabinti vilevile wakafuata bibi zao. Jina lilizunguka ukoo kizazi hadi kizazi, sawa na kihamba, shamba la ukoo, kilivyopita mikononi mwa wenye damu moja. Ukristo ulipokuja haukuvunja utaratibu huo, uliuongezea. Walutheri wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani waliingia Kilimanjaro mwaka 1893, baada ya Waanglikana kuondoka Moshi, na walikuwa na tabia moja iliyoacha alama hadi leo: walihubiri na kufundisha kwa lugha za wenyeji. Bruno Gutmann, aliyefika Uchaggani mwaka 1902 na kuondoka moja kwa moja 1938, aliandika kwa kirefu juu ya sheria na mila za Wachagga na kushikilia kwamba ukoo na ujirani visivunjwe kwa sababu ya ubatizo. Katika mazingira hayo mkristo mpya hakulazimika kuwa Wilhelm au Friedrich. Angeweza kubaki na jina lenye Kichagga ndani yake, mradi limtaje Mungu.

Hapo ndipo yalipozaliwa majina ya Eli. Mungu kwa Kichagga ni Ruwa, na yapo majina yanayomtaja Ruwa wazi. Lakini waumini waliosoma kilio cha Yesu msalabani katika Mathayo walikutana na Eli, yaani Mungu wangu, wakamchukua na kumshona kwenye maneno yao. Aika ni shukrani, hivyo Aikaeli ni mtoto wa shukrani kwa Mungu. Ndilo jina la kati la Freeman Mbowe, mwanasiasa wa Hai. Kiswahili kilipopanda mlimani kwa nguvu, mashine ileile ilianza kutoa Elibariki, Elirehema, Elisante, Eliamani. Majina haya yalisambaa kwa Wameru, kwa Wapare, yakafika hadi Singida ambako pia Walutheri walishika kazi mapema. Tazama Elibariki kwa makini. Nusu yake ni Kiebrania na nusu ni Kiswahili, ambacho nacho neno hilo kilikopa kutoka Kiarabu. Kichagga hakimo hata kidogo. Bado sijawahi kusikia mtu akimwambia mzee Elibariki wa Marangu kwamba jina lake ni kasumba. Sasa mtafsiri Elibariki kwa lugha ya sekondari. Unapata Godbless.

Hii ndiyo hatua ambayo wana-asili wameiruka. Baba Elibariki alizaa, mtoto akaenda shule, na shule za sekondari nchini zinafundisha kwa Kiingereza. Kilimanjaro iliwahi kupata shule nyingi za misheni kuliko sehemu kubwa ya nchi, na kwa hiyo iliwahi pia kupata walimu, makarani na wauguzi waliokizoea Kiingereza kiasi cha kukiamini na sala zao. Mwalimu huyo alipopata mtoto wa kiume baada ya miaka ya kungoja, au mke wake aliponusurika kwenye uzazi mgumu, alifanya alichofanya baba yake: alitafuta neno la Mungu na tendo la Mungu, akaviunganisha, akampa mtoto ushuhuda huo aubebe. Kilichobadilika ni lugha tu. Muundo haukuguswa, wala sababu haikuguswa. Muulize mama yeyote kwa nini mwanawe anaitwa Godlisten na hatakuambia kwamba alilipenda lilivyosikika. Atakupa kisa, na kisa kitakuwa na tarehe, na hospitali, na mtu aliyekuja kuomba naye usiku. Visa hivyo ndivyo walivyopewa watoto wa Biblia. Hana alimwita mwanawe Samweli kwa sababu alimwomba kwa Bwana. Hajiri aliambiwa amwite wake Ishmaeli kwa sababu Bwana amesikia kilio chake. Jirani wa Godlisten kule Bomang'ombe aitwaye Ismaili, anayesali msikitini, anabeba maana ileile, na hakuna MC anayemcheka.

Kwa nini basi Godlisten ni wa Machame na Siha na Nkoaranga zaidi kuliko wa Rombo au Kibosho? Hapa jibu liko kanisani pia. Wakatoliki waliopata imani kwa mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza Kilema mwaka 1890, walikuwa chini ya utaratibu mwingine. Sheria ya Kanisa ya 1917, katika kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolileta. Ndiyo maana Rombo imejaa kina Evarist, Proches, Aloyce na Pantaleo, majina ambayo nayo ni adimu ajabu ukitoka nje ya mkoa. Sheria mpya ya 1983, kanuni ya 855, imelegeza: inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Lakini mazoea ya miaka mingi hayaondoki kwa kanuni. Inafurahisha kwamba hata kwenye kalenda ile ya watakatifu Wachagga walimtafuta na kumpenda Deogratias, ambaye kwa Kilatini ni yuleyule Aikaeli.

Wapinzani wa jina hili wana hoja, na hazilingani uzito. Nyepesi kuliko zote, na inayopigiwa kelele kuliko zote, ni ile ya Kiingereza kibovu. Wanasema mwenye lugha angesema vingine, kuna herufi s imepotea mwishoni, kwa hiyo jina ni aibu. Hoja hii inasahau kwamba lugha ya sala haifuati lugha ya habari. Waingereza wenyewe wanamwomba Mungu amwokoe mfalme wao katika wimbo wa taifa bila kuiweka herufi hiyo, na hakuna mwalimu anayewasahihisha. Zaidi ya hapo, walikuwa nayo majina haya. Katika karne ya 17 Wapuritani wa Uingereza walibatiza watoto kwa sentensi nzima, na mmoja wao, Praise-God Barebone, alikuwa maarufu kiasi kwamba Bunge la mwaka 1653 lilipachikwa jina lake. Leo angeishi Arusha angeitwa Praygod na angekuwa na duka la vipuri. Wala hatuko peke yetu Afrika. Nigeria imetawaliwa na Goodluck Jonathan kuanzia 2010 hadi 2015, na timu ya taifa ya Zimbabwe imechezewa na Knowledge Musona na Marvelous Nakamba. Hao wote wanatumia Kiingereza kama mali yao, kwa sarufi ya nyumbani kwao. Anayecheka sarufi ya Godlisten anampa Mwingereza haki ya kusahihisha majina yetu, kisha anajiita mtetezi wa asili.

Hoja ya kasumba ni nzito zaidi na siwezi kuipita kwa utani. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, na wanauliza kwa haki: Mungu alisikia kwa Kichagga miaka yote, kwa nini ghafla ahitaji Kiingereza? Ukweli ni kwamba Kiingereza kilichaguliwa pia kwa sababu kilikuwa na hadhi. Jina la mtoto lilitangaza kwamba baba yake amesoma, na kwamba mtoto naye atasoma. Hilo nalikubali. Ila hadhi haikuanza na Kiingereza. Eli aliingia kwa hadhi ya Biblia, Kiswahili kiliingia kwa hadhi ya mji na serikali. Kila kizazi cha Wachagga kimetoa majina kwa lugha iliyokuwa inafungua milango wakati huo, na ukitaka kukata mnyororo kwenye Kiingereza peke yake lazima ueleze kwa nini hukukata mapema. Mwenye msimamo kamili atalazimika kumfuta na Elibariki, na Aikaeli wa nusu, na mwisho atabaki na majina machache sana ambayo hata yeye hajui yalikuwa na maana gani kwa walioyatoa.

Na hapa ndipo harakati za majina ya asili zinapojikwaa zenyewe. Meli ni jina tukufu. Mangi Meli, mtawala wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwezi Machi mwaka 1900 pamoja na wenzake, na uzao wake umekuwa ukidai hadi leo mabaki yake yarudishwe. Kumkumbuka ni wajibu. Lakini mila ile inayotajwa haikumruhusu mtu kuchukua jina la mangi wa watu kwa sababu tu linapendeza na lina historia. Jina lilitoka kwa babu yako mwenyewe, awe mangi au mchunga mbuzi. Anayechagua Meli kwa kuwa amesoma habari zake na anayechagua Liam kwa kuwa ameona filamu wamefanya tendo moja: wamechagua. Wote wameingia sokoni. Utaratibu wa zamani ulikuwa na sifa moja ngumu, kwamba haukukuuliza unapenda nini. Kama baba yako anaitwa Godlisten, na wapo kina Godlisten ambao tayari wana wajukuu, basi mila inakuambia mwanao wa kwanza anaitwa nani. Mrudi-asili wa kweli angemwandikisha Godlisten bila kusita, na MC acheke.

Ipo hoja ya tatu ambayo haisemwi sana hadharani, nami naiona ndiyo ya kuogopwa. Nchi hii imejitahidi kutomuuliza mtu kabila lake. Baada ya sensa ya 1967 swali hilo halimo tena kwenye dodoso. Godlisten analijibu kabla hajaulizwa. Akipeleka barua ya maombi ya kazi mkoa wa mbali, anayeifungua ameshajua anatoka wapi, anasali wapi, na pengine ameshakumbuka vichekesho vyote vya Wachagga na pesa. Najua wazazi waliochagua Brian au Kelvin makusudi ili mtoto asisomeke kirahisi. Siwalaumu. Lakini dawa hiyo haimalizi ugonjwa, kwa sababu jina la ukoo lipo palepale mwishoni mwa barua: Massawe, Swai au Pallangyo atamaliza kazi ambayo Brian aliikwepa. Kama tunaogopa upendeleo maofisini, tuubane huko maofisini.

Usumbufu mwingine ni wa kila siku. Niliwahi kusubiri zamu kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Moshi, mbele yangu kijana akijaziwa fomu ya mtandaoni. Dada wa kompyuta akaandika God kwenye jina la kwanza, Listen kwenye la kati, na jina la baba likakosa pa kukaa. Kijana akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea, “Dada, ni neno moja.” Alikuwa na bahasha ya plastiki yenye vyeti, na kila cheti kilikuwa na tahajia yake: kimoja kimeongeza r, kingine kimemalizia na i kama bibi anavyotamka. Atahitaji kiapo cha wakili ili serikali ikubali kwamba watu hao wote ni mmoja. Hii kero ni ya kweli, na sasa ambapo watoto wa chini ya miaka mitano wanasajiliwa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, mzazi ana nafasi ya kuimaliza mapema kwa kusoma cheti herufi kwa herufi kabla hajaondoka pale mezani.

Lakini huohuo mpangilio wa majina matatu ndio unaomlinda Godlisten asipotee. Kwetu jina la kwanza la baba linakuwa la kati la mtoto, awe wa kiume au wa kike. Jina la mvulana kwa hiyo lina kazi mbili, na nadhani ndiyo sababu wazazi waliweka ushuhuda mzito kwa wavulana na kuwaachia mabinti Happiness, Gladness na Witness. Kina Godlisten wa miaka ya 1980 na 1990 ni akina baba sasa. Wamewaita wanao Jayden na Ethan, na kila siku mwalimu anapoita mahudhurio anamtaja Jayden Godlisten, binti naye ni Precious Godlisten. Kwa hiyo tunaposema jina linapungua tunaangalia safu ya kwanza tu. Kwenye safu ya pili limeongezeka, na litakuwa kwenye vitambulisho vya Taifa, hati za viwanja na vyeti vya ndoa hadi karne hii ikaribie kwisha.

Mtihani utakuja pale Jayden Godlisten atakapopata mtoto wa kiume wa kwanza, baada ya miaka ishirini hivi. Akifuata mtindo, atatafuta jina ambalo leo bado halijabuniwa. Akifuata wana-asili, ataokota shujaa kwenye kitabu cha historia. Akifuata mila yenyewe, hana cha kutafuta. Na hata akiandika kingine kwenye cheti, sidhani kama neno la mwisho litakuwa lake, kwa sababu yupo bibi, mke wa mzee Godlisten, na utani wa bibi na mjukuu aliyebeba jina la babu haujawahi kusubiri kibali cha wazazi. Atamwita mume wangu, atamwita Godlisten mbele ya wageni, mtoto ataitika, na mwalimu wa chekechea atafungua tena daftari kuangalia aliandikishwa nani.